Ujumbe Nilioutaka

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema, asije mtu akadhani anasimuliwa habari za mwanamke jasiri. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa ofisi yoyote yenye benchi la kusubiria. Naogopa simu ya mume wangu ikiita saa ambayo hajazoea kupiga, maana yeye ni dereva wa malori ya mikoani na barabara zetu tunazijua. Na tangu binti yangu aanze kubanwa na pumu, naogopa moshi kuliko hivyo vyote.

Tunakaa Chamazi, ndani ndani, huko ambako mikorosho ya watu ilikatwa ikawa viwanja, na viwanja vikawa nyumba kabla barabara haijafika. Nashona sare za shule barazani kwangu. Nikiinua macho kutoka kwenye cherehani naona ukuta wa shule ya msingi na mapaa yake ya bati, na wakati ule, nyuma ya darasa la tatu, niliona mahali moshi ulipotokea. Palikuwa na shimo la takataka. Kila asubuhi watoto wakishafagia, mwalimu wa zamu aliamuru shimo liwashwe: majani, makaratasi, mifuko, chupa za plastiki, kandambili zilizokatika. Madirisha ya madarasa yana nondo na wavu tu. Upepo ukigeuka, darasa zima linavuta.

Binti yangu alikuwa darasa hilo la tatu.

Basi asubuhi zangu zilikuwa hivi: mguu kwenye pedeli, simu mapajani, jicho ukutani. Moshi ukielekea barabarani, nashona. Ukilalia madarasa, mguu unasimama wenyewe na vidole vinaingia baridi. Kuna siku simu haikuita, mtoto akarudi mchana anarukaruka, na mimi nikawa nimeshaharibu kola za watu kwa woga wa bure. Kuna siku iliita, na mwalimu wa darasa akasema kwa upole, kama asiyetaka kunishtua, kwamba nifike nimchukue mtoto, kifua kimembana. Hata sasa nikiikumbuka sauti ile natafuta viatu.

Anayeijua pumu hana haja ya kuelezwa. Asiyeijua, inatosha kumwambia kwamba mtoto anavuta hewa, hewa haiji, na wakati wote huo anakuangalia wewe.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Nilikaa kwenye benchi la kusubiria nikirudia hotuba yangu kimoyomoyo, na nilipoingia ofisini nikaisahau yote, nikasema tu, "Mwalimu, moshi." Alikuwa mama mpole, amechoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanieleza kwamba shimo liliwekwa pale na kamati ya shule na yeye peke yake hawezi kulihamisha. Tena kamati yenyewe muda wake umekwisha, wazazi watachagua wajumbe wengine kwenye mkutano unaokuja. Kisha, akiwa ameshashika kalamu kuendelea na kazi zake, akaniuliza kwa nini na mimi nisigombee. Alilisema kama mtu anayekukaribisha chai ukiwa umeshavaa viatu vya kuondokea. Lakini mimi nilitoka nalo.

Mume wangu alinisikiliza kwenye simu, kutoka sijui Makambako sijui wapi, akasema niachane na mambo ya watu. Alisema viti vile vina wenyewe, na sisi ni watu wa kuja. Alisema ataongea na walimu akirudi. Mume wangu ni mtu mzuri, na mambo yote ataongea akirudi. Nilikata simu nimekasirika, na hasira ikanifikisha mahali ambapo ujasiri usingenifikisha. Kesho yake nilimwambia jirani yangu, muuza mihogo ya kukaanga, kwamba nagombea.

Hapa nieleze neno moja, maana mambo yote yaliharibikia hapo. Kwetu Njombe, yule kiongozi wa nyumba kumi, anayekupa barua ya utambulisho na kuamua ugomvi wa maji machafu, tulimwita balozi. Hapa mjini wanamwita mjumbe. Nimekaa hapa miaka mingi na nilikuwa nikisikia wanavyomwita, lakini kichwani mwangu mzee wetu alibaki kuwa balozi. Niliposema nataka ujumbe, nilikuwa na maana ya ujumbe wa kamati ya shule, basi. Kumbe mtaani kwetu ukisema mjumbe bila kuongeza kitu, mjumbe ni mmoja tu duniani, naye duka lake limepakana na nyumba yangu.

Mzee huyo ni wa ukoo wa Kiarabu. Mwenyewe hupenda kusema kwamba babu yake aliuza chumvi na mafuta ya taa hapa wakati wateja wake walikuwa ngedere. Ana kofia ya kazi ya mkono isiyotoka kichwani, ana redio isiyozimwa, na ana gari dogo jeupe la kubebea mizigo ya duka. Kwenye hilo gari ndiko nilikotaka kufika. Mtoto akibanwa, mimi hugonga dirisha la duka, na mzee huacha wateja wamesimama na hela mkononi, akachukua ufunguo, akatukimbiza kituo cha afya. Bodaboda haimfai mtoto asiyeweza kujishikilia, na bajaji za kwetu mchana zote huwa zimehamia Mbagala. Kwa hiyo kati ya kifua cha binti yangu na daktari palikuwa na mzee mmoja na gari lake, na nililijua hilo kila siku ya Mungu.

Muuza mihogo kazaliwa Temeke, kakulia Temeke, na sijawahi kugundua kitu anachokiogopa. Alifurahi kuliko mimi. "Shoga, wewe tulia," aliniambia huku akigeuza mihogo yake kwenye mafuta. "Kampeni niachie mie. Nyie watu wa bara mna aibu mno." Akanipiga picha nikiwa kwenye cherehani, tepu ya kupimia shingoni, nywele sijachana. Nilidhani anaipeleka kwenye grupu la wazazi. Akaipeleka huko kweli, halafu kwa mapenzi yake akaipeleka na kwenye grupu la mtaa, na chini yake akaandika kwamba huyu ndo mjumbe wetu mpya, tumechoka, tunataka mabadiliko. Mimi grupu la mtaa nilishalizima sauti zamani kwa sababu ya mabishano ya mpira. Sikuona kitu.

Jioni nilikwenda dukani kununua sukari. Kwa kawaida nikimwamkia mzee, hunijibu marahaba mwanangu, akauliza mjukuu wake hajambo, yaani binti yangu, akanipa peremende nimpelekee. Jioni ile alijibu marahaba tu, tena akiielekezea friji. Chenji akaiweka juu ya kaunta badala ya kunipa mkononi. Nilidhani amefiwa, nikakosa namna ya kuuliza. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Mkewe, ambaye hakosi kuniletea kaimati akipika, aliitikia salamu yangu akaingia ndani akavuta pazia. Bombani wanawake walinyamaza nilipofika na ndoo. Vijana wa kijiweni wakaniita mheshimiwa, mmoja akasimama akapiga saluti, wenzake wakacheka mpaka wakakohoa.

Nikaanza kuchungulia njia kabla ya kufungua mlango. Niliamini watu wamekasirika kwa kuwa mgeni, fundi cherehani, ametaka kukaa kwenye kamati ya shule yao. Rafiki yangu muuza mihogo akasema huo ni wivu tu, nijikaze kisabuni. Kila nikilala niliamua kujitoa. Asubuhi moshi ukipanda nyuma ya darasa la tatu nikaahirisha kujitoa, si kwa ushujaa, ila kwa sababu mtoto alikuwa humo ndani na sikuwa na njia nyingine.

Ijumaa moja, baada ya sala, mzee akatuma kuniita. Nilimkuta ameketi kwenye baraza ya duka, redio ameipunguza sauti. Redio ile sikuwahi kuisikia imepunguzwa. Akanionyesha kiti. Hakunizungusha.

"Nasikia unautaka ujumbe," alisema.

Nikamjibu ni kweli, nautaka.

"Kuna kosa lililofanyika, mwanangu?"

Mimi niliwaza kamati iliyopita. Nikajikaza, nikasema kosa lipo, mzee, mambo yameachwa vilevile miaka na miaka, hakuna anayekwenda kutazama, na watoto ndio wanaoumia. Niliona nimejibu vizuri. Yeye aliangalia viganja vyake, kimoja halafu kingine, kama vina kitu amekisahau humo. Akarudia polepole, watoto wanaumia. Nikasema ndiyo, wa kwangu hasa. Basi mzee wa watu akavuta pumzi, akasema kila jambo lina muda wake, hawezi kugombana na mtoto wake, na kama watu ndivyo wanavyotaka basi Mwenyezi Mungu anifanyie wepesi. Akaongeza redio sauti.

Sijawahi kuombewa dua ikanitisha kama ile. Nilirudi nyumbani nimeshika ukuta. Nikajiambia kwamba mzee lazima ana ndugu kwenye kamati ya zamani, nimemgusa pabaya, na sasa gari limekwenda. Kuanzia siku ile sikuwa naogopa moshi peke yake. Niliogopa na lile dirisha la duka, ambalo zamani nikiliona tu lilikuwa likinipa usingizi.

Wiki ya mkutano ndiyo mtoto alibanwa. Safari hii simu haikuita. Alikuja mwenyewe mchana, anatembea kwa kujiegemeza ukutani, begi analiburuta mchangani. Nilimpulizia dawa yake ya kuvuta. Nikampulizia tena. Kwa kawaida hapo mabega huanza kushuka. Hayakushuka. Shimo la chini ya koo lilikuwa likizama kila akivuta, na midomo ilishaanza kubadilika rangi. Nikambeba nikatoka naye bila kufunga mlango.

Duka liko mkono wa kulia. Dirisha lilikuwa wazi, nilisikia redio inatangaza vifo. Njia ya kwenda barabarani iko kushoto. Nikasimama pale katikati na mtoto mikononi. Nilimwona mzee akilini mwangu akiniambia niende kwa hao walionitaka. Nilimwona akiitazama friji. Niliogopa kukataliwa, na niliogopa kukataliwa mbele za watu, na niliogopa kwamba akinikatalia nitakuwa nimepoteza muda ambao mtoto hana. Nikageuka kushoto nikaanza kukimbia.

Mchanga wa kwetu haukimbiliki. Kandambili moja ilibaki nyuma, nikaiacha. Ilipita bodaboda imebeba mbao, nikampungia, akanionyesha mbao zake. Bajaji hakuna. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na anayeijua pumu anajua kwamba mtoto akiacha kulia si kwamba amepata nafuu. Nilikuwa nikimwambia vuta mama, vuta mama, na mimi mwenyewe pumzi sina.

Ndipo nikasikia honi nyuma yangu, haikatiki. Lile gari jeupe lilikuja likiyumba mchangani, mlango wa abiria ukafunguka kabla halijasimama. Mzee alikuwa peku, na kichwa wazi. Sikuwahi kukiona kichwa chake. Kilikuwa na mvi chache na kovu. Alisema neno moja tu, "Ingia."

Alikuwa akiendesha kwa namna ambayo siku nyingine ningeipigia kelele. Tulipofika kwenye lami akaanza kusema, bila kunitazama, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa hasira.

"Nimekuona ukiligeuzia mgongo duka langu. Mtoto yuko hivi, na umenipita."

Nilimkalisha mtoto wima mapajani.

"Ujumbe chukua. Leo hii chukua. Lakini gari hili si la ujumbe, ni langu mimi. Mtoto akibanwa, unagonga. Umenisikia? Hata kama tumetukanana, unagonga."

Nilisema nimesikia. Sikuwa nimeelewa, ila hapo hapakuwa na muda wa kuelewa. Nilikuwa nimeweka kiganja kwenye mgongo wa mtoto, nikipokea kila pumzi iliyofanikiwa kupita.

Kituo cha afya walimpokea mikononi mwangu, wakamvalisha ile barakoa ya mvuke wa dawa, mashine ikaanza kuunguruma. Mimi na mzee tukakaa kwenye benchi, yeye peku, mimi na kandambili moja. Tulikaa hivyo mpaka mabega ya mtoto yakashuka na midomo ikarudi kuwa ya kwake. Alipofumba macho kwa usingizi wa kweli, ndipo akili ilinirudia, na lile neno likaanza kunisumbua. Nikamuuliza ni ujumbe gani aliosema nichukue.

"Wangu," alisema. "Si ndio unaoutaka?"

"Mzee, mie nagombea kamati ya shule."

Akatoa simu mfukoni, akapekuapekua akiwa ameishika mbali na macho, akanipa. Nilijiona na tepu yangu ya kupimia na nywele zangu. Nikasoma maneno yaliyokuwa chini. Nikakumbuka bombani, na ile saluti ya kijiweni. Nikakumbuka hasa nilivyomwambia usoni mwake kwamba hakuna anayekwenda kutazama na watoto wanaumia, nikatamani ardhi ipasuke.

Mzee alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha kimya kwanza, halafu kikamshinda kikatoka, hadi nesi akaja kutuambia kuna wagonjwa. Akasema tangu aione picha ile hajala akashiba. Akasema mkewe alishamshauri apumzike, na yeye mwenyewe kwa kweli amechoka kuamua mambo ya maji machafu, lakini kupinduliwa na fundi nguo, hilo lilimkaa rohoni. Nami nikacheka naye. Halafu nikaanza kulia, na nikashindwa kunyamaza, kwa sababu niliiona tena midomo ya mtoto wangu na nilijua nilikuwa nimegeuka kushoto. Mzee hakunibembeleza. Alikwenda kutafuta maji ya kunywa.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, kwenye darasa la saba, wazazi tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Moshi wa wiki nzima ulikuwa bado unanuka kwenye kuta. Kwa upande wetu wa mtaa kiti kilikuwa kimoja na wagombea wawili: mimi, na baba mmoja aliyekuwa kwenye kamati iliyopita, mtu mwenye suti na sauti ya kuzoea maikrofoni. Alieleza walichofanya, akataja matundu ya choo, akataja uzio, akashukuru viongozi wote waliokuwepo na wasiokuwepo. Makofi yalikuwa mengi. Ilipofika zamu yangu nilisimama nikashika dawati. Nilisema mimi ni mama wa mtoto mwenye pumu, nataka shimo la moto litoke nyuma ya darasa la tatu. Nikatafuta kitu kingine cha kusema, sikukiona, nikakaa.

Msimamizi akatangaza kwamba karatasi zinaleta maneno, tutapanga mstari. Wagombea tusimame mbele tukiangalia ubao, kila mzazi asimame nyuma ya anayemtaka. Na hakuna kugeuka, maana mgombea akiwaona watu atawawekea kinyongo. Sijui alilitoa wapi. Nikasimama pua yangu karibu na ubao. Kulikuwa na hesabu za mafungu hazijafutwa, nikazisoma na kuzisoma bila kuelewa namba hata moja.

Madawati yalikwaruza sakafu. Miguu ikaanza kutembea. Kulia kwangu, nyuma ya yule baba, nilisikia watu wanajipanga, wanasalimiana, wanataniana. Nyuma yangu palikuwa kimya. Kuna woga wa aina nyingi na nimeshataja baadhi, lakini ule wa kumpa kisogo kila mtu anayekujua, ukisubiri kama kuna atakayekuja, sikuwahi kuuonja. Jasho lilinishuka mgongoni, na nilijua kwamba kama kuna mtu nyuma, analiona. Na kama hakuna, ni vibaya zaidi. Nilijiambia kwamba nikishindwa, Jumatatu shimo litawashwa kama kawaida, na mimi nitakaa tena na simu mapajani, na safari hii sitakuwa hata na mahali pa kupeleka malalamiko.

Ndipo nikasikia harufu ya udi na mtu akasimama nyuma yangu, akahema kama wazee wanavyohema wakifika mahali. Mjukuu wake wa damu yuko darasa la kwanza; kura ilikuwa haki yake. "Usigeuke, mjumbe," alininong'oneza.

Baada yake miguu ilikuja mingi. Nilimsikia rafiki yangu muuza mihogo akiwaelekeza watu kwa sauti, akaonywa, akaendelea. Tulipoambiwa tugeuke, mstari wangu ulikuwa umepinda kwenye madawati ukatokea mlangoni. Watu walipiga makofi, na yule baba akanipa mkono kiungwana. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kukaa.

Kikao cha kwanza cha kamati kilinishangaza kwa wepesi wake. Nilisema shimo lihamishwe, wakasema lihamishwe. Wakauliza liende wapi, nikaonyesha kona ya mwisho ya uwanja, nyuma kabisa, penye ukuta, ambako hakuna darasa. Hakuna aliyepinga. Lile la zamani likafukiwa, jipya likachimbwa, na asubuhi moja nikaona moshi unapanda mbali, mwembamba, hauhusiani na mtu. Nilishona siku ile mpaka giza. Binti yangu alimaliza muhula akikimbia. Mume wangu aliporudi safari alisema alijua tu nitaweza. Simu niliacha kuiweka mapajani, na kusema kweli niliacha hata kuangalia moshi unakwenda wapi.

Halafu mzee akaja barazani kwangu asubuhi. Nilisimama kumwamkia, nikingoja anitanie kama alivyozoea tangu uchaguzi. Hakunitania. Alisema ameletewa malalamiko, na kwa kuwa yananihusu mimi kuliko yeye, nivae viatu twende.

Tulizunguka ukuta wa shule mpaka nyuma, upande ambao sikuwahi kuwa na sababu ya kufika. Nilikuwa nadhani huko ni pori. Kulikuwa na vyumba vya kupangisha, vipya, matofali bado hayajapigwa lipu, vimejengwa karibu na ukuta kiasi kwamba mtu akifungua mlango anaugusa. Shimo letu lilikuwa limewashwa upande wa pili. Moshi ulipanda, ukavuka ukuta, ukashuka wote kwenye milango ile.

Mbele ya chumba kimoja alikaa binti mdogo kwenye mkeka, mtoto wake mchanga begani. Alipotuona alisimama haraka akatuamkia shikamoo, mzee na mimi pia, na mimi umri huo sijaufikia. Akaanza kuomba radhi. Alisema hakutaka kumsumbua mtu, alimwambia jirani tu, hakujua kama maneno yatafika kwa viongozi. Yeye ni mgeni hapa, mumewe yuko kibaruani. Alikuwa akiongea upesi upesi, macho chini. Sikuwa namsikiliza. Nilikuwa namsikiliza mtoto. Ile sauti ya kubanwa naijua hata kwenye kifua kidogo namna ile.

Mzee alinitazama mara moja, akaondoka kwenda getini kwa shule kuwaambia waumwagie moto maji. Nikabaki na yule binti.

"Shimo hili niliomba mimi lije huku," nilimwambia.

Sijui kama alielewa, au alielewa akaogopa. Alisema, "Sawa, mama," akamhamishia mtoto bega la pili, mbali na moshi na mbali na mimi.